Usimwambie Tamari Anyamaze

Somo: 2 Samweli 13:1–22



Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, mabasi yatokayo Tunduma na Vwawa hujaa vijana wetu. Wengine huteremka Mbeya, wengine huendelea hadi Iringa, Dodoma na Dar es Salaam. Kila mmoja ana sanduku lake, godoro lake na ndoo yake, na nyuma yake yuko mzazi aliyeuza kahawa au mahindi, au aliyekaa mwaka mzima kwenye biashara ndogo hapa mpakani, ili mtoto apate karo. Pale stendi maneno huwa mengi. Binti huambiwa: Soma kwa bidii. Usichezee fedha. Usituletee mimba. Usiache kanisa. Hayo yote ni maneno mema. Lakini liko jambo moja ambalo wengi wetu hatulitaji: afanye nini binti huyo ikiwa kijana anayempenda, kijana mwenye adabu mbele za watu, pengine mwimbaji wa kwaya ya chuo, atampiga?

Kwa kuwa hatumwambii, hujijibu mwenyewe. Hujiambia kwamba nyumbani wakijua watauliza kwanza alikuwa na urafiki gani na kijana huyo, na baba atasema karo imekwisha, arudi kulima. Basi hunyamaza. Yule kijana naye huona kwamba kofi la kwanza halikumgharimu kitu, na la pili huja upesi zaidi.

Msidhani kwamba jambo hili ni dogo. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwetu mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 4 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekwisha kufanyiwa ukatili wa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Wanachuo nao ni wanawake wa nchi hii hii. Elimu haifanyi mkono wa mtu usiweze kupiga.

Tena msidhani kwamba jambo hili ni la dunia ya leo tu. Biblia imeliandika waziwazi, ingawa sura hiyo ni nadra kuisikia mimbarani. Nawaomba mwifungue na kuisoma nyumbani.

Mfalme Daudi alikuwa na mwana aitwaye Amnoni, na binti aitwaye Tamari kwa mama mwingine. Amnoni alimtamani Tamari hata akakonda. Rafiki yake Yonadabu akamfundisha hila: jifanye mgonjwa, mwombe mfalme amtume Tamari akupikie. Daudi, bila kujua, akamtuma. Binti akaja, akakanda unga, akapika mikate mbele yake. Amnoni akawatoa watu wote nje, akamshika. Tamari alikataa kwa maneno ya busara sana. Alimwambia kwamba jambo hilo ni upumbavu katika Israeli, akamwuliza atakwenda wapi na aibu yake. Amnoni hakusikia, akamtenda kwa nguvu. Mara tu baada ya hayo chuki yake ikazidi ile aliyoiita mapenzi, akamwita mtumishi amtoe nje na kufunga mlango.

Tazameni tena mwanzo wa habari hii. Tamari hakutoroka nyumbani. Alikwenda mahali alipotumwa na baba yake, kufanya kazi njema. Hivyo ndivyo waendavyo binti zetu vyuoni. Sisi ndio tuliowatuma. Kwa hiyo habari zao haziwezi kuwa habari za watu wengine.

Aliyetenda dhambi katika chumba kile alikuwa mmoja. Lakini wako wengine watatu waliomzunguka Tamari, mmoja kabla ya tendo na wawili baada yake. Leo nataka tuwaangalie hao pamoja na Amnoni, maana katika hao wanne tutajiona sisi wenyewe.

1. Yonadabu, rafiki mwenye hila

Maandiko yasema kwamba Yonadabu alikuwa mtu mwerevu sana. Hakumgusa Tamari. Alitoa shauri tu. Kila chuo kina akina Yonadabu: vijana wanaomcheka mwenzao aliyekataliwa na msichana, wanaomwambia kwamba mwanamume wa kweli hakubali kukataliwa, wanaokaa mlangoni wakisikia kilio na kuongeza sauti ya redio.

Nchi yetu inalo fundisho chungu juu ya jambo hili. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam palikuwa na desturi ya wanafunzi kubandika ukutani maandishi na michoro bila kutaja jina la mwandishi. Aliyeandika alijiita Mzee Punchi. Hapo mwanzo maandishi hayo yaliwasema wakubwa na mambo ya siasa. Baadaye yakageuka kuwa fimbo ya kuwachapia wanafunzi wa kike, hasa wale waliokataa kutongozwa. Msichana aliyechorwa ukutani alidhihakiwa na kutengwa, na wenzake waliogopa kukaa naye wasije wakachorwa wao. Mwezi wa Februari 1990 mwanafunzi mmoja, Levina Mukasa, aliyekuwa amenyanyaswa na wanafunzi wa kiume na kutishwa kwa njia hiyo, alijiua. Taifa lilishtuka. Wanawake waandishi wa habari wa chama cha TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, walikuwa miongoni mwa waliopaza sauti ili kifo kile kisisahauliwe.

Fikirini ni watu wangapi waliopita mbele ya ukuta ule. Wachoraji walikuwa wachache. Waliosoma, wakacheka, wakaenda zao darasani walikuwa wengi. Kama wale wengi wangaligoma kucheka, ukuta usingalikuwa na nguvu.

Leo ukuta huo umehamia katika simu. Kijana humtishia msichana kwamba akimwacha atazisambaza picha zake. Humnyang'anya simu na kusoma kila ujumbe. Picha ikisambazwa, kila anayeipokea na kuituma kwa mwingine anafanya kazi ya Yonadabu. Tangu mwaka 2015 nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao, na mtu anayesambaza picha za uchi au kumtesa mwenzake kwa simu aweza kushtakiwa. Lakini Mkristo asingoje sheria. Picha ya namna hiyo ikifika katika simu yako, iishie hapo hapo.

2. Amnoni, aliyedhani kupenda ni kumiliki

Amnoni alikonda kwa ajili ya Tamari, na wengi wangalisema kwamba huyo anapenda kweli. Hakika alijipenda mwenyewe. Mtu apendaye husikia neno “hapana” akahuzunika, lakini akaliheshimu. Amnoni alilisikia akatumia nguvu. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho (1 Wakorintho 13) alitupa kipimo cha upendo, na katika kipimo hicho hamna wivu wala kutafuta mambo ya nafsi yake. Binti anayeambiwa, “Nakupiga kwa sababu nakupenda,” na aende na kipimo hicho akampime anayesema.

Hapa yatupasa kusema juu ya fedha, maana fedha ndiyo kamba inayowafunga wasichana wengi. Chuoni maisha ni magumu. Mkopo huchelewa, chakula hupungua, kodi ya chumba hudaiwa. Huja kijana, au mtu mzima mwenye kazi, akalipa. Anasema ni zawadi. Siku msichana anapotaka kuondoka, zawadi hugeuka kuwa deni, na mdai huja na ngumi.

Majirani zetu wa Kenya waliliona jambo hili kwa machozi. Tarehe 9 Aprili 2019, mjini Eldoret, Ivy Wangechi, mwanafunzi wa mwaka wa sita wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Moi, aliuawa kwa shoka karibu na hospitali alikokuwa akijifunza kazi. Aliyemwua alikuwa kijana waliyefahamiana tangu zamani. Kabla msiba haujaisha, watu wengi walikuwa wakiulizana kama marehemu alikuwa amekula fedha za kijana huyo, kana kwamba jibu lingeweza kuhalalisha shoka. Mwaka 2024 mahakama ilimhukumu mwuaji kifungo cha miaka 40. Daktari ambaye wazazi wake walimngojea miaka yote ile hakurudi.

Basi vijana, sikieni. Zawadi ni zawadi. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inaeleza jambo hili vizuri kuliko wapigaji wengi wanavyojua. Mtu aliyetoa zawadi kwa sharti la kufunga ndoa, na ndoa isifungwe, aweza kwenda mahakamani kudai arudishiwe. Njia ni mahakama, wala hakuna njia nyingine ya nguvu. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe, wala mke kumpiga mumewe. Ikiwa aliyelipa mahari yote na kufunga pingu za maisha mbele ya madhabahu hana haki hiyo, aliyenunua chipsi na vocha ameipata wapi?

Nanyi binti zetu, msijiingize katika madeni ya namna hiyo kama mnaweza kuepuka. Shida ikizidi, semeni nyumbani mapema. Afadhali baba auze debe moja la mahindi kuliko ninyi kuuza uhuru wenu. Lakini hata kama ulikwisha kupokea, elewa kwamba hakuna zawadi inayonunua ruhusa ya kukupiga.

3. Absalomu, aliyesema nyamaza

Tamari alipotolewa nje hakuficha. Alijitia majivu kichwani, akairarua kanzu yake, akaenda akilia kwa sauti. Ndugu yake Absalomu akamkuta, akatambua mara moja lililotokea. Akamwambia anyamaze kwa kuwa yule ni ndugu yake, asilitie moyoni.

Absalomu alimpenda dada yake, hilo halina shaka. Alimpa mahali pa kukaa nyumbani mwake. Lakini alimnyang'anya sauti yake, na Maandiko yasema kwamba Tamari alikaa pale katika ukiwa. Ndipo mahali ambapo sisi wazazi wema huanguka. Twampenda binti yetu, na kwa kumpenda twamwambia: Vumilia, utamaliza chuo. Usiseme, utakosa mchumba. Yule ni mtoto wa mzee fulani, tutayamaliza wenyewe.

Nimefundisha miaka mingi, na mwalimu huona mambo. Mwanafunzi mchangamfu huanza kukaa nyuma ya darasa, hujifunika mtandio wakati wa joto, huruka akiguswa begani, alama zake hushuka. Ukimwuliza husema aliteleza bafuni. Mara nyingi kinachomzuia kusema si hofu ya yule kijana peke yake. Anaogopa uso wa mama yake atakapopata habari.

Wengine husema: Lakini huyo binti alikwenda chumbani kwa mwanamume, naye ana makosa. Kanisa lina mafundisho yake juu ya usafi wa maisha, na sitaki yapunguzwe. Yana mahali pake na wakati wake. Katika Injili ya Luka sura ya 10, Msamaria alipomkuta mtu amelala nusu mfu katika njia ya Yeriko, hakumwuliza kwanza kwa nini alisafiri peke yake. Alifunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa gharama. Damu huzuiwa kwanza. Mazungumzo mengine hungoja.

Wako pia wanaozima jambo kwa kikao cha ukoo, kwa ng'ombe au kwa fedha. Ndugu zangu, kubaka hakumalizwi kwa faini ya nyumbani. Tangu mwaka 1998, Bunge lilipopitisha sheria juu ya makosa ya kujamiiana, adhabu yake kwa mtu mzima ni kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Mzee anayepokea ng'ombe ili aficha jinai hiyo hasuluhishi. Anauza kesi ya mtoto wake.

Tena angalieni mwisho wa kimya cha Absalomu. Alikaa miaka miwili bila kusema na Amnoni neno lolote, kisha akamwua. Kilio kilichozimwa hakikufa. Kiligeuka kuwa damu na kuvunja nyumba yote ya mfalme.

4. Daudi, aliyekasirika tu

Daudi alipopata habari, alikasirika sana. Hapo Maandiko yananyamaza. Hatusomi kwamba alimwita Amnoni, wala kwamba alimwita Tamari na kumsikiliza. Alikuwa baba, alikuwa mfalme, alikuwa mwamuzi, na katika hayo matatu hakufanya hata moja.

Hasira ya Daudi ni hasira yetu makanisani. Tukisikia habari kama hizi twatikisa vichwa, twasema dunia imeharibika, twatoa mahubiri makali, kisha twaenda kunywa chai. Basi tufanye nini? Naleta mambo manne, ambayo parokia yoyote yaweza kuyafanya bila fedha nyingi.

Kwanza, kila binti anayekwenda chuo aambiwe kwa kinywa cha mzazi wake, kabla basi halijaondoka: “Mtu akikupiga au akikulazimisha, piga simu nyumbani saa yoyote. Nitakuja. Sitauliza kwanza ulikuwa wapi.” Kama baba haweza kusema, mama aseme. Kama wote wawili hawawezi, wasimamizi wake wa ubatizo waseme, maana walisimama mbele ya birika kwa ajili ya siku kama hizo.

Pili, tujue njia. Aliyeumizwa au kubakwa apelekwe hospitali upesi. Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kupimwa. Akifika kabla ya saa 72 kupita, aweza kupewa dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi, na kadiri anavyowahi ndivyo dawa inavyofaa zaidi. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na ndipo hutolewa fomu PF3. Vyuo navyo vimeagizwa kuwa na madawati ya jinsia. Binti aulize liko wapi katika juma la kwanza, kama anavyouliza maktaba iko wapi. Asiende peke yake. Mama mmoja wa Umoja wa Mama, au rafiki mwaminifu, aende naye na kukaa naye hata mwisho.

Tatu, wanaotaka kufunga ndoa wasihojiwe wakiwa pamoja tu. Kabla tangazo halijasomwa kanisani Jumapili tatu, padre au mama mwenye heshima amwite binti peke yake, amwulize: “Amewahi kukupiga? Unamwogopa?” Akisema ndiyo, tangazo lisisomwe. Najua litakalosemwa: mahari imekwisha kupokelewa, nayo imekwisha kuliwa. Kama ni mahari tu inayomzuia binti asirudi nyumbani, na tuchange tuirudishe. Twachanga mamilioni kwa ajili ya sherehe za harusi. Tutashindwa kuchangia uhai wa mtu?

Nne, tufundishe wavulana. Madarasa ya Kipaimara yawafundishe kwamba msichana ameumbwa kwa mfano wa Mungu kama wao, na kwamba “hapana” ni neno lililokamilika. Mvulana anayemwona baba yake akimpiga mama hana haja ya Yonadabu. Amekwisha kupata mwalimu nyumbani. Kwa hiyo wanaume wa parokia, mahubiri haya yaanzie jikoni kwenu.

Na wewe binti usomaye ukurasa huu ukiwa likizo, ambaye alama zako zimefichwa na nguo, nakuambia kama babu yako. Si kosa lako. Tamari alipaza sauti yake, na Mungu hakumkemea kwa kilio chake. Aliona vema kiandikwe katika Maandiko Matakatifu, ili kisomwe kizazi baada ya kizazi. Waliomwambia anyamaze wamekwisha kupita, na sauti yake tungali tunaisikia. Sema na mtu mmoja unayemwamini, leo. Akikunyamazisha, sema na mwingine. Na kama giza limekuwa zito hata unaona afadhali kufa, usikae peke yako usiku huu. Nenda kwa mtu, mwambie hivyo hivyo. Maisha yako ni ya thamani kuliko cheti, kuliko uchumba, kuliko sifa ya ukoo.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyezaliwa na mwanamke na kulia kaburini pamoja na dada wawili wa Bethania, uwalinde binti zetu walioko mbali na nyumbani. Uvunje kiburi cha mkono unaopiga. Uwape wenye kuumizwa ujasiri wa kusema, nasi utupe masikio ya kusikia na miguu ya kwenda. Utuepushe na hasira isiyo na tendo, na upendo unaoziba kinywa. Nyumba zetu na kanisa letu ziwe mahali ambapo hakuna aliaye akaambiwa anyamaze. Amina.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu, Tunduma